Nakala rudufu za ofisini zikaguliwe kwa kurejeshwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu huligusa juu juu, nalo ni uhifadhi wa nakala rudufu za kazi zilizomo katika kompyuta za ofisi, shule na zahanati zetu. Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni kwamba mwenye kompyuta anunue diski ya nje na kunakili mafaili yake kila wiki. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja ushauri huo unatosha. Haufai kwa ofisi yenye kompyuta za Windows upande wa uhasibu, Mac moja au mbili kwa wanaosanifu machapisho, na seva ya Linux iliyofungiwa kabatini ikiendesha mfumo wa malipo, kwa sababu hakuna mfanyakazi atakayezunguka meza kwa meza kila Ijumaa na diski mkononi, na wiki atakayougua kazi hiyo itakatika.

Dawa yake inajulikana na gharama yake si kubwa. Kompyuta moja yenye diski za kutosha huwekwa iwe seva ya nakala, nayo huzifikia kompyuta nyingine kupitia mtandao wa ndani kwa saa zilizopangwa, bila mtu kuigusa. Mimi ni fundi wa mitandao na hii ndiyo shughuli yangu ya kila siku. Mifumo mingi ya aina hii ninayoikuta kwa wateja ilikwishakufa zamani bila mwenye ofisi kujua, na nimeridhika kwamba chanzo si uhaba wa vifaa wala ugumu wa teknolojia. Ofisi humlipa fundi afunge mfumo wa kunakili, kisha haimkabidhi mtu yeyote jukumu la kusoma ripoti zake na kurejesha mafaili ili kuona kama yanarudi. Ombi langu ni kwamba jukumu hilo liandikwe katika mikataba na katika majukumu ya kazi, na urejeshaji ufanyike kwa ratiba kama unavyofanyika ukaguzi wa fedha.

Nianze na zana, maana wapo wanaodhani kuwa mchanganyiko wa mifumo ndio kikwazo. Programu ya rsync, ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996 wakiwa Australia, huligawa faili katika vipande, ikalinganisha vipande hivyo kwa hesabu fupi na vile vilivyopo upande wa pili, kisha ikasafirisha vilivyobadilika tu. Ndiyo maana nakala ya pili ya folda kubwa huchukua dakika chache ilhali ya kwanza ilichukua usiku mzima. Huyo huyo Tridgell ndiye aliyeanzisha Samba mwaka 1992, programu inayoiwezesha Linux kuzungumza na Windows kwa lugha ya Windows ya kushirikishana mafaili. Juu ya misingi hiyo ipo BackupPC, programu ya kusimamia nakala za kompyuta nyingi, iliyotolewa na Craig Barratt mwaka 2001, ambayo hutumia rsync kwa Linux na Mac, na kwa Windows hutumia ama rsync ama folda zinazoshirikiwa mtandaoni. Faili likiwapo katika kompyuta kumi, BackupPC huweka nakala yake moja tu diskini. Zote hizi ni programu huria, hazidai ada ya leseni, na zinakaa vizuri kwenye kompyuta ya mezani iliyokwishatumika.

Katika upangaji, jambo la kwanza ninalolisisitiza ni seva ya nakala ivute mafaili kutoka kwenye kompyuta, badala ya kila kompyuta kuyasukuma kwenda kwenye seva. Ukichagua njia ya kusukuma, kila kompyuta lazima iwe na nenosiri linaloiruhusu kuandika katika hifadhi ya nakala, na hapo ni sawa na kumpa kila mpangaji ufunguo wa ghala. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia, kilienea kutoka mashine moja hadi nyingine kwa kupitia kasoro katika toleo la kwanza la itifaki ya SMB, yaani ile lugha ya Windows ya kushirikishana mafaili. Virusi vya aina hiyo huanza kwa kutafuta kila folda ambayo kompyuta iliyoambukizwa ina ruhusa ya kuiandikia, na nakala ikiwa humo nayo hufungwa. Seva inayovuta haiipi kompyuta yoyote nenosiri lake. Katika ofisi mbalimbali nimekuta diski ya nje imechomekwa mwaka mzima kwenye kompyuta ya mhasibu, mbele ya kila hatari ambayo ilinunuliwa kuikinga, na huo nauona kuwa uzembe hata kama nia ilikuwa njema.

Tukio hilo la 2017 lilizaa tatizo jingine ambalo bado linatuletea simu. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, Microsoft iliacha kuiweka itifaki hiyo ya kwanza ya SMB katika usakinishaji mpya, na Samba nayo iliizima kwa kawaida kuanzia toleo la 4.11 la mwaka 2019. Kwa hiyo ofisi inanunua kompyuta mpya, na asubuhi yake seva ya zamani ya mafaili haionekani tena, au nakala za usiku zinakatika huku ujumbe wa makosa ukionyesha kana kwamba nenosiri limekosewa. Wahusika hubadilisha maneno ya siri mara kadhaa bila mafanikio, kisha mtu husoma mahali fulani kwamba SMB ya kwanza inaweza kuwashwa tena, naye huiwasha katika kompyuta zote. Namsihi kila fundi asomaye barua hii asifanye hivyo. Aipandishe seva ya zamani hadi toleo linalokubali SMB ya pili au ya tatu, na kama kifaa ni kikuukuu kiasi kwamba hakipandishiki, kitolewe katika mtandao.

Tatizo jingine la Windows ni dogo lakini limewapotezea mafundi saa nyingi. Kabla ya kuanza kunakili, BackupPC huipigia kompyuta hodi kwa amri ya ping ili ijue kama imewashwa. Ruta ikibadilishwa, Windows huenda ikauona mtandao huo kuwa mgeni na kuuhesabu miongoni mwa mitandao ya hadharani, na hapo ngome yake, yaani kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, huacha kuitikia hodi. Seva huandika kuwa kompyuta haipo, ilhali mwenyewe amekaa mbele yake anaandika barua. Ukikuta kompyuta inayotumika kila siku imeandikwa haipo kwa wiki nzima, tazama kwanza aina ya mtandao iliyochaguliwa kwenye Windows kabla hujafungua kifuniko cha kitu chochote.

Kosa ninalokutana nalo zaidi kwenye Linux linastahili kuelezwa kwa urefu. Fundi anaandika skripti ya kunakili, yaani faili lenye orodha ya amri, anaiendesha kwa mkono, inafanya kazi. Anaiweka katika cron, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba, ili iendeshwe kila usiku, anaondoka ameridhika, na kuanzia usiku huo hakuna kinachonakiliwa. Sababu ni kwamba aliijaribu akiwa yeye, na usiku inaendeshwa na mtumiaji mwingine. Mtumiaji huyo hana ufunguo wa SSH, njia salama ya kuingia katika kompyuta ya mbali, ambao fundi anao katika folda yake ya nyumbani. Hata akiwa na ufunguo, mara ya kwanza anapoifikia kompyuta ya mbali, SSH humwuliza kama anaitambua alama ya kompyuta hiyo, na saa nane usiku hakuna mtu wa kujibu ndiyo. Tena cron huendesha kazi zake ikiwa na orodha fupi ya mahali pa kutafutia programu, hivyo amri iliyopatikana mchana kwa jina lake tu haionekani usiku mpaka itajwe kwa njia yake kamili. Namna ya kulimaliza ni kuingia kwa jina la mtumiaji yule yule wa nakala, kuifikia kwa SSH kila kompyuta iliyo katika orodha, kuyajibu maswali yake mara moja, kisha kuiendesha skripti kwa jina hilo hilo. Jaribio lililofanywa kwa jina la msimamizi halithibitishi chochote kuhusu kazi itakayofanyika usiku.

Kuhusu saa zenyewe, wenzangu wawe macho. Cron huhesabu kuanzia 0 hadi 23 tangu usiku wa manane. Mkuu wa ofisi akiagiza nakala zichukuliwe saa nane usiku, asiye makini huandika 8, na kazi ikaanza saa mbili asubuhi wakati wafanyakazi wote wanawasha kompyuta. Mtandao unakuwa mzito, watu wanalalamika, na mwishowe mtu anaizima kazi yenyewe. Tarakimu sahihi ni 2. Isitoshe, katika ofisi nyingi mlinzi au mtu wa mwisho kutoka huzima swichi kuu jioni kwa hofu ya moto, na ratiba ya usiku hubaki kwenye karatasi. Kwa ofisi za namna hiyo napanga nakala saa saba mchana, watu wakiwa kwenye chakula, kompyuta zikiwa zimewashwa. Seva nayo ipangwe katika mipangilio yake ya msingi iwake yenyewe umeme unaporudi, maana hali ya kawaida ya kiwandani katika mashine nyingi ni kubaki imezima.

Mac zina lao. Tangu mfumo wa Mojave wa mwaka 2018, Apple huzuia programu kusoma baadhi ya data za mtumiaji, zikiwamo barua pepe zake, mpaka programu hiyo ipewe ruhusa ya kusoma diski nzima katika mipangilio ya faragha. Seva ikiivuta Mac bila ruhusa hiyo kutolewa, baadhi ya folda hurudisha ujumbe wa kukataliwa huku nyingine zikinakiliwa kama kawaida, na ripoti ya mwisho inaweza kuonyesha maelfu ya mafaili yaliyofanikiwa na mistari michache ya makosa ambayo msomaji mwenye haraka huipuuza. Mistari hiyo michache ndiyo inayobeba barua zote za mwenye kompyuta.

Mafaili yaliyofunguliwa nayo yanahitaji uangalifu. Windows haikubali faili kubwa la barua za Outlook lisomwe na programu nyingine wakati Outlook inalitumia, na suluhisho ni kusoma kupitia kivuli cha diski, yaani picha ya diski jinsi ilivyokuwa wakati mmoja, huduma iliyomo ndani ya Windows tangu enzi za Windows XP na Server 2003. Kwa hifadhidata hali ni mbaya zaidi, kwa sababu Linux haizuii. Unaweza kunakili mafaili ya MySQL, programu ya hifadhidata, yakiwa yanaandikwa, ukapata nakala yenye ukubwa unaofaa kabisa, na siku ya kuirejesha hifadhidata ikakataa kufunguka kwa kuwa nusu ya kurasa zake ni za kabla ya muamala na nusu ni za baada yake. Kwanza itolewe picha kamili ya hifadhidata kwa programu yake yenyewe, kisha faili hilo ndilo linakiliwe.

Diski ya nje iliyoumbizwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, isiwe kituo cha mwisho cha nakala. Haipokei faili linalofikia gigabaiti 4, haihifadhi mmiliki wala ruhusa za mafaili ya Linux, na huandika muda wa faili kwa hatua za sekunde 2, kiasi kwamba rsync huweza kudhani mafaili mengi yamebadilika na kuyanakili upya kila siku. Majina ya mafaili pia yatazamwe: Linux huruhusu nukta pacha katika jina, Windows hairuhusu, Linux hutofautisha BARUA na barua, na ukirejesha zote mbili katika folda moja ya Windows, ya pili huenda ikaifuta ya kwanza.

Baadhi ya wasomaji watasema kuwa matatizo haya ni ya ofisi ndogo zisizo na wataalamu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo biashara yake ni kuwatunzia watu kazi zao za programu, alifuta data za hifadhidata kwenye seva iliyokuwa ikitumika akidhani yumo katika seva ya akiba. Walipozigeukia nakala, ilionekana kwamba programu ya kuzitoa ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, programu yao ya hifadhidata, ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila mara, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa kwa sababu hazikuwa na saini iliyotakiwa. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mmoja wao aliichukua kwa mkono yapata saa 6 kabla ya ajali, kwa ajili ya shughuli nyingine. Kampuni hiyo iliyaeleza yote hadharani, na inastahili sifa kwa hilo, kwani mafundi wengi tumejifunza hapo.

Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti kutoka katika hifadhi ya kompyuta zake kuu, na mfumo wa kunakili wenyewe ndio uliozifuta. Skripti ilisasishwa wakati ya zamani ikiendelea kufanya kazi. Programu ya bash, inayotekeleza amri za skripti, huisoma skripti hatua kwa hatua, hivyo ikaendelea kusoma kutoka katikati ya skripti mpya, majina yaliyotakiwa kushika njia za folda yakiwa matupu, na amri iliyokusudiwa kusafisha kumbukumbu za zamani ikafuta kazi za watafiti. Kila skripti ya nakala yenye amri ya kufuta ndani yake ipangwe isimame mara inapokuta jina tupu, na isibadilishwe kamwe ikiwa inaendelea kufanya kazi.

Wapo pia wanaotaka kila kitu kipelekwe katika hifadhi za mbali kupitia intaneti. Siwapingi, kwa sababu nakala moja lazima iwe nje ya jengo. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na waliokuwa na nakala yao humo humo walipoteza data na nakala pia. Lakini wapige hesabu kwanza. Gigabaiti 500 kupitia laini yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 4 na nusu, hata kama laini haikatiki, na kuzirudisha baada ya janga ni hesabu ya namna hiyo hiyo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania na majirani zake iliyumba kwa siku kadhaa. Ofisi ambayo nakala yake pekee ilikuwa ng'ambo haikuwa na nakala katika siku hizo. Nakala ya kwanza ikae ndani ya mtandao wa ofisi kwa ajili ya urejeshaji wa haraka, na ya pili iende mbali, ikiwa imefungwa kwa usimbaji ili asiye na ufunguo asiweze kuisoma, kwa sababu mafaili ya wagonjwa na wanafunzi ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya azilinde zisipotee wala kuharibiwa.

Kwa vyuo vinavyofundisha ufundi wa kompyuta, napendekeza kwamba mtihani wa vitendo wa somo hili usiishie katika kuonyesha nakala iliyokamilika. Mwanafunzi apewe kompyuta tupu na nakala ya mwezi uliopita, atakiwe kurejesha hifadhidata na folda za watumiaji wa Windows, Mac na Linux, na apimwe kwa muda aliotumia na kwa usahihi wa ruhusa za mafaili. Na katika zabuni za kufunga mifumo hii, malipo ya mwisho yasitolewe mpaka urejeshaji wa namna hiyo ufanyike mbele ya mteja.

Wakuu wa ofisi, shule na zahanati hawahitaji kuwa mafundi ili kuyasimamia haya. Kila mwanzo wa mwezi mkuu amwite fundi wake na kumtajia faili moja la uhasibu lililobadilika mwezi uliopita, folda moja ya mfanyakazi anayetumia kompyuta ya mkononi, na hifadhidata ya mfumo wa malipo. Fundi avirejeshe vyote vitatu katika kompyuta nyingine, si ile vilikotoka. Mhasibu afungue faili na hifadhidata na kuthibitisha tarakimu zake. Kisha tarehe, muda uliotumika na majina ya waliokuwapo viandikwe katika daftari na kutiwa saini. Kimoja kisiporudi, kazi nyingine za fundi zisimame mpaka kirudi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa mitandao ya kompyuta,
Morogoro